Mashua Iliyoshonwa Chumba cha Mbele

4 Februari

Chiriku wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na bado unavumilia kile kiti cha ofisini ulichosema kinalia kama kifaranga. Huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua ila ulimi uko imara. Baba yako naye ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Jumamosi alikuja na tepu mkononi. Tangu astaafu umeneja wa ghala hakuna kitu asichokipima. Hakupiga hodi. Akaanza kupima chumba changu cha kushonea, ukuta hadi ukuta, na mteja yuko nusu ndani ya gauni, mikono juu, haoni mbele. Nikamwuliza, "Kaka, unapima kaburi la nani?" Akajibu anapima nafasi. Eti umri wangu ni wa kupumzika sasa. Cherehani ziuzwe, chumba kipangishwe, nami nihamie kile chumba chao cha uani nikae kwa raha zangu nikiangalia kuku. Chiriku, nina miaka hamsini na mitatu! Kuku wenyewe hawapumziki!

Sasa juu ya meza ya kukatia kulikuwa na ramani. Niliikuta kwenye jarida la zamani walilonifungia vifungo nilivyonunua kwa jumla: mashua ndogo ya makasia, ya plaiwudi, isiyopigiliwa msumari hata mmoja. Inashonwa. Hujakosea kusoma. Unakata vipande, unatoboa matundu pembezoni, unavishona kwa waya wa shaba, kisha unaziba mishono kwa gundi. Nilipoisoma nilicheka mpaka mate yakanipalia. Kumbe miaka yote hii nimekuwa fundi mashua na hakuna aliyenijulisha!

Meneja (nitamwita hivyo, maana ukaka siku hiyo aliuacha kwake) akaiinua kwa vidole viwili kama soksi chafu. "Hii ya nani?" Yangu. "Ya nini?"

Hilo swali, mwanangu, ningekuwa na mamlaka ningelipiga marufuku. Mwanamume akikaa barazani akachonga rungu asilompiga nalo mtu, tunasema ana kipaji. Akifuga njiwa wasiolika, tunasema anapenda viumbe. Mwanamke akishika mbao mbili anaulizwa ya nini, ya nani, na chakula kiko wapi. Nimeshona nguo za watu za kuolewa, za kusomea na za kuzikia. Hii simshonei mtu. Naishona kwa sababu mikono yangu inaitaka, basi, na asiyeridhika akanywe maji.

Nilimwambia hivyo, ila kwa sauti kubwa zaidi. Akacheka. Nikasema nitavuka nayo bwawa lote la maji la mji. Akacheka tena, kile kicheko chake cha puani. Basi mbele ya mteja (tulikuwa tumeshamtoa kichwa) tukawekeana dau: nikivuka hadi ng'ambo peke yangu, bila mtu kunisaidia, hatafungua tena mdomo kuhusu chumba hiki mpaka afe. Nikishindwa, nafunga cherehani na kuhamia kwa kuku.

Nilishampa mkono kabla sijafikiri. Unanijua.

Unakuja lini likizo? Usinijibu "tutaona".

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na koti ulilonishonea linanikinga na baridi ya asubuhi. Mwenye nyumba wangu amepaka ngazi rangi ya kijani kibichi bila kutuambia, kwa hiyo wapangaji wote tuna viganja vya kijani. Nisamehe kama karatasi ina alama.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye gauni nikakaa chini. Shangazi, umempa Baba mkono? Baba huyu huyu? Mtu aliyenipangia kuanzia shule ya kusoma, hadi ofisi ya bima, hadi upande wa kuchania nywele? Hajawahi kushindwa dau kwa sababu hawekeani dau na mtu asiyemweza!

Lakini ushinde. Tafadhali ushinde. Sikutanii. Kama kuna mtu mmoja katika ukoo huu atakayemwambia "hapana" na "hapana" hiyo isimame, nataka awe wewe, ili nasi wengine tujue inawezekana.

Na nunua jaketi la kuokolea. Najua unaogelea kuliko sisi sote. Nunua hivyo hivyo.

Kuhusu likizo, tutaona.

Chiriku


14 Machi

Chiriku wa tutaona,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anauliza unakula nini, na mimi nauliza swali kali zaidi. Alama za kijani nimeziona. Lakini ndani ya bahasha, kwenye mkunjo, kulikuwa na unga. Unga wa ngano, laini, wa daraja la kwanza. Nimefua aproni nyingi mno, siwezi kutoujua. Ofisi gani ya bima inakanda unga?

Nakuacha ujipange. Sasa habari ya mashua.

Plaiwudi imefika! Iliingia dirishani maana mlangoni kulikuwa na wateja watatu waliokataa kusogea wasije wakapoteza foleni. Nimechora vipande kwa chaki ya kitambaa. Watu wanaingia kuuliza suruali zao, wananikuta nimepanda juu ya meza kwa magoti, msumeno mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipokea sare zake na kuondoka kinyumenyume.

Kukata ni kutamu, Chiriku! Mbao haikunjamani, haivutiki, haikudanganyi. Aliyechora ramani ni mzuri wa mistari, ila ni mwanamume tu: amesahau kabisa nyongeza ya mshono. Kakata kila kipande sawasawa na umbo lake, kama vile mtu anaweza kushona kitu bila kuacha ukingo wa kushonea! Nimemsahihisha. Nimeongeza upana wa vidole viwili kila pembe. Mtu asiyewahi kushona hata mfuko wa mto ana ujasiri gani wa kuchora ramani ya mshono na kuichapisha duniani?

Matundu yote nimeyatoboa kwa keekee. Kushona ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani anapokea waya, mmoja nje anasukuma. Nilishikiwa upande wa nje, kazi ikaenda vizuri.

Wako katika vumbi,
Shangazi


12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo tena na tena. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nikiandika, nikichana, nikiandika.

Sawa. Ni unga. Niliacha ofisi ya bima mwaka jana kabla mvua hazijaanza. Niko kwenye tanuri la mikate, nyuma ya soko, mlango wa bluu. Siuzi, naoka. Naamka kabla ya majogoo, nakanda hadi mabega yanawaka moto, na ile saa milango ya tanuri inapofunguliwa na mikate inatoka imevimba, huwa napiga kelele. Kweli, napiga kelele kila siku. Mwoka mkuu amezoea, sasa ananisubiri nipige ndipo naye aanze kuhesabu.

Ndiyo maana siji. Nikija Baba ataniuliza ofisi inaendeleaje, nami sijui kumdanganya usoni, kwenye barua tu ndiko naweza. Alinipeleka ofisi ile kwa mkono wake, akamwamkia bosi kwa niaba yangu. Usimwambie. Nakuomba kwa jina la kila vazi ulilowahi kunishonea. Ngoja kwanza tuone kama anaweza kushindwa na wewe.

Sasa zamu yangu. "Nilishikiwa upande wa nje." Ulishikiwa na NANI, Shangazi? Wewe usiyeacha kutaja jina la utani la kila anayekukanyaga mguu, leo unaandika "nilishikiwa" kama mtu aliyeshikiwa mlango na upepo? Ni fundi saa wa ng'ambo ya barabara, sivyo? Yule anayekuja kupunguza suruali zisizohitaji kupunguzwa?

Natabasamu peke yangu. Mwoka mkuu anaangalia.

Chiriku


5 Mei

Mwoka mikate wangu!

Marahaba, na vigelegele juu yake! Nilipofika kwenye mlango wa bluu nilicheza kuzunguka cherehani zote tatu. Kumbe humu ukooni kuna watu wawili wenye akili! Siri yako nimeifungia. Siiahidi milele, naahidi kwa sasa. Mama yako mzima, magoti yanaendelea vizuri, mlango wa kabati lao umevunjika.

Fundi saa anakuja kupunguza suruali kwa sababu amekonda, maskini, na tafadhali usimharibie jina. Aliyenishikia ni mtu. Tuishie hapo.

Kuna mambo makubwa zaidi. Chiriku, nyongeza ya mshono!

Nilishona upande wote wa kushoto, nikaumwagia gundi, ukakauka ukawa kama jiwe. Nikaenda wa kulia. Mbele vipande vinakutana, katikati vimeachana, nyuma vimepandana kama meno ya mtoto. Navuta waya, mbao inalia. Yule mtu wangu wa nje akazunguka akaja ndani, akatwaa jarida, akasoma, akapima, akapima tena. Akaniuliza kwa upole, "Hivi vidole viwili kila pembe vimetoka wapi?"

"Nyongeza ya mshono."

"Kwenye mbao?"

"Kwenye kila kitu kinachoshonwa!"

"Na hiyo nyongeza ukishashona inakwenda wapi?"

"Inakunjwa kwa nda—"

Tukatazamana. Plaiwudi haikunjwi kwa ndani. Vipande vinakutana ncha kwa ncha, ndivyo mchoraji alivyochora, na mimi nimemtukana mtu wa watu na kumsahihisha penye haki yake! Huyo mwenzangu alicheka mpaka akakaa sakafuni juu ya maranda, akiwa na suruali iliyopigwa pasi. Kila aliponyanyuka alisema "inakunjwa kwa ndani" na kuanguka upya. Mimi nilinuna kidogo, nikashindwa, nikaanguka naye.

Upande wa kulia bado haukuwa na gundi. Tumeufumua, tumeupunguza kama gauni la bibi harusi aliyekonda kwa wasiwasi, ukakaa. Wa kushoto haufumuki tena. Kwa hiyo mashua yangu ni nyembamba kulia na nene kushoto. Mwenzangu anasema itaelea. Anapanga vipande vya waya kwenye vikombe kwa urefu wake, ana msasa wa aina nne, ananigombeza nikiacha brashi bila kuosha. Ukweli, bila yeye ningekuwa naangalia kuku sasa hivi.

Usiniulize jina. Niliapa.

Shangazi


28 Mei

Shangazi mwapaji,

Shikamoo. Nimemsomea mwoka mkuu sehemu ya nyongeza ya mshono, na sasa mkate wowote ukitoka umevimba upande mmoja tunasema umeshonwa na Shangazi. Tunauza haraka.

Mtu aliyeapishwa, msasa wa aina nne, suruali ya pasi. Fundi saa hapigi pasi, umesema mwenyewe siku zote. Nina wazo, na wazo lenyewe haliwezekani, kwa hiyo nalifukuza kila asubuhi na kesho yake nalikuta mlangoni.

Niambie siku ya kuvuka. Mpenzi wangu wa mishono minene, uvuke salama.

Chiriku


18 Juni

Chiriku,

Barua yako ya mwisho imefika jana, siku tatu baada ya tukio. Keti. Kama kuna mkate ndani, utoe kwanza.

Jumapili tuliibeba hadi bwawani juu ya mkokoteni wa mwuza magodoro. Nyekundu, Chiriku! Rangi iliyobaki ya ukuta wa shule. Watu walikuwa wengi, maana wateja wangu wote walihisi suruali zao zinategemea matokeo. Mama yako alifunika macho kwa kanga akachungulia kwa pembeni. Na Meneja alisimama ukingoni na saa mkononi, suruali ya pasi, mpinzani na mwamuzi katika mtu mmoja. Alitangaza masharti kwa sauti ya ghala: "Hadi ng'ambo! Peke yake! Bila mtu kumsaidia!"

Ndiyo. Wazo lako halikuwa limekosea njia. Aliyenishikia ni baba yako. Siku ya pili tu baada ya plaiwudi kufika alikuja kunicheka, akaona nimeshika keekee vibaya, akasema "lete", na hakuondoka tena. Kila jioni, na kabati la mama yako likabaki bila mlango! Alikuwa anaunda kwa mikono yake kitu alichowekea dau kwamba kitazama, na aliniapisha nisimwambie mtu, wewe hasa. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Dau ni dau. Lakini kazi mbaya siwezi kuiangalia."

Basi. Nikaingia. Ikaelea! Ilikaa juu ya maji kama bata aliyeudhika, imeegemea kushoto, haikuingiza tone. Nilipiga kelele kama wewe na tanuri lako. Nikashika makasia mawili, nikavuta. Ikaenda. Nikavuta. Ikaenda kushoto. Nikavuta sana, ikaenda kushoto sana, nikashangaa mbona sauti ya Meneja iko mgongoni mwangu, na punde nikagonga ukingo pale pale nilipoanzia. Kicheko kilichotoka pale kingeweza kuendesha kinu.

Mara ya pili, hivyo hivyo, duara kubwa zaidi. Mara ya tatu nilivuta kasia la kushoto peke yake mpaka nikaona nyota, nikafika katikati, ikageuka yenyewe kama punda anayejua kwao. Nikarudi karibu na ukingo. Niliona chumba changu kinafungwa, Chiriku. Niliwaona kuku, mmoja mmoja, wananikaribisha.

Meneja ukingoni alikuwa amekwisha. Anakanyagakanyaga matope, anapiga paja, "Kulia! Uzito kulia! Kaa kulia, wewe!" Nikamjibu nikikaa kulia zaidi nitakaa majini! Hapo akampa mama yako saa, akaingia bwawani na viatu vyake vyote, maji hadi kiunoni, akapanda kwa kishindo akakaa upande wa kulia. Mashua ikanyooka. Papo hapo, kama nguo iliyopata mwenyewe.

"Vuta," akasema. Hakugusa kasia. Alifunga mikono kifuani akakaa kama gunia.

Nikavuta. Tukaenda moja kwa moja.

Katikati, pale ambapo ukingo uko mbali pande zote na yeye hajui kuogelea hata kidogo, nilimwambia habari za mlango wa bluu. Nimekusaliti, ndiyo. Nilikuahidi "kwa sasa", na nafasi nyingine ya kumpata asiweze kuondoka sikuiona maishani mwangu. Akaniangalia, akaangalia maji, akaniangalia. Nikaacha kuvuta nikajiandaa kufokewa.

"Anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya majogoo."

"Amewahi kuchelewa?"

"Hata siku moja."

Akaguna. Kisha, taratibu, "Ofisini nilimwona siku ile namwacha. Alikaa kile kiti kama mtu anayesubiri daktari." Halafu akanikemea, "Unaniangalia nini? Vuta, tunarudi nyuma!"

Tuligusa ng'ambo. Waliozunguka kwa miguu walikuwa wameshafika, na mabishano nayo. Fundi saa, ambaye sikujua kwamba ni mkorofi, akasema masharti yalikuwa peke yake bila mtu kumsaidia, na hapa tunaona watu wawili. Wengine wakamzomea, wengine wakamuunga mkono. Wote wakamgeukia mwamuzi.

Meneja alisimama ndani ya mashua, anachuruzika maji, matope hadi magotini. Alisema kwa sauti ile ile ya ghala: "Nani kaona nimeshika kasia? Nimefanya kazi gani? Mimi nilikuwa mzigo. Amevuka peke yake, tena na mzigo wa kilo tisini. Chumba ni chake." Akataka kushuka kwa heshima, akateleza, akakaa majini. Mama yako alicheka mpaka akasahau magoti.

Chumba ni changu, Chiriku! Changu mpaka afe, na nimemwambia asiharakishe. Wewe nimekufungulia mlango bila idhini yako. Nitukane utakavyo, barua ndefu, naisubiri.

Shangazi yako, baharia


9 Julai

Shangazi msaliti, baharia, mpenzi,

Shikamoo mara mia. Nilianza kukutukana ukurasa mzima, nikauacha karibu na tanuri, ukaungua. Chukulia umeusoma.

Barua yako ilifika pamoja na nyingine. Mwandiko wa Baba. Nilikaa nayo mfukoni kuanzia mkate wa kwanza hadi wa mwisho bila kuifungua, na mara ya kwanza tangu niajiriwe sikupiga kelele tanuri lilipofunguliwa. Mwoka mkuu akaja kunishika paji la uso.

Hakuna salamu. Hakuna neno kuhusu ofisi ya bima, wala aliniamini nini, wala nilimdanganya nini. Ni maswali tu, yamepangwa. Unga mnauweka wapi? Magunia yako sakafuni au juu ya mbao? Kuna nafasi ya mkono kati ya gunia na ukuta ili hewa ipite? Anayepokea mzigo ni nani, na anauangalia kabla hajaupokea? Na mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo, kama mtu anayeongea akiangalia pembeni: anakuja mwisho wa mwezi kuona mwenyewe, na nisimpeleke hotelini, atalala popote penye joto.

Nimesoma hapo nikapiga kelele, Shangazi. Tanuri lilikuwa limefungwa. Wateja wametoka mbio.

Kisha nikaenda stoo. Magunia yote sakafuni! Yote, yameegemea ukuta, mengine yana unyevu chini! Tumefunga duka mapema, mwoka mkuu na mimi, tumetafuta mbao mtaa mzima, na sasa nimetoka kunyanyua la mwisho. Mgongo umekatika na siwezi kuacha kucheka.

Mwambie magunia yako juu ya mbao. Mwambie mkono unapita. Usimwambie tangu lini.

Chiriku wako, wa mlango wa bluu